Neno Dogo Hili ni la Nani?

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni ajali. Si zangu, namshukuru Mungu. Natafsiri maelezo ya madereva, ya mashahidi, ya makondakta waliokuwa mlangoni gari lilipoacha njia, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, ili kampuni za bima ziwapelekee wenzao wa nje wanaobeba sehemu ya hasara. Kazi naifanyia nyumbani, Tanga, kwenye meza ileile ambayo jioni mtoto wa kaka yangu, aliye kidato cha nne, huja kufanyia mazoezi yake. Kwa hiyo naishi na Kiingereza cha aina mbili: cha ajali na cha mtihani. Cha mtihani ndicho kinachonitia hasira.

Kwenye daftari lake kuna orodha ndefu. "Look after", "look for", "look into", "look down on", halafu "turn on", "turn off", "turn up", "turn down", na kila moja imeandikiwa maana yake pembeni kwa wino mwekundu. Vijana wanaziita "phrasal verbs" na wameambiwa wazikariri kama zilivyo. Orodha hiyo imechanganya vitu ambavyo havikai pamoja, na haimwambii jambo moja ambalo lingempunguzia nusu ya mzigo: lile neno dogo la nyuma ni la nani? Ni la kitenzi kilichotangulia, au ni la maneno yanayofuata?

Nichukue sentensi niliyokutana nayo kazini. Dereva alisema: "Niliacha barabara, nikazima gari." Maneno manne, vitenzi viwili, hakuna utata wowote. Kiingereza chake kikawa hivi: "I turned off the road and turned off the engine." Mara mbili "turned off". Kwa daftari la kijana wetu hicho ni kitu kimoja kilichorudiwa. Kwa aliyekulia ndani ya lugha hiyo ni vitu viwili visivyo na undugu, na wala hajui kwamba anajua.

Weka kiwakilishi uone. Kwa injini, "I turned it off." Huwezi kusema "I turned off it", itamkwaza kila msomaji. Kwa barabara, "I turned off it" ina ukakasi kidogo ila inasimama, ilhali "I turned it off" itakuwa na maana kwamba umeizima barabara, na hiyo swichi serikali haijaifunga bado.

Sasa weka kielezi. "I turned sharply off the road": safi kabisa, dereva kakata kona ya ghafla. "I turned sharply off the engine": haisemeki. Kielezi hapa kinafanya kazi ya kisu cha mchinja mbuzi: hakipambani na mfupa, kinatafuta kiungo. Kwenye barabara kiungo kipo, kati ya "turned" na "off the road", maana "off" imeshikana na barabara na wote wawili wamekuwa kirai kimoja kinachojibu swali la wapi. Kwenye injini hakuna pa kupitisha kisu. "Off" pale ni mali ya kitenzi. Inaweza kukaa mbali nacho, ukasema "I turned the engine off", lakini hata ikikaa mbali ni ya kitenzi tu.

Na sikio nalo linasaidia, kwa wale wanaotazama mpira na filamu za Kiingereza. Neno dogo lililo mali ya kitenzi hupewa uzito wa sauti: "turn it OFF", "pick it UP". Lililo mali ya nomino inayofuata hupita kimyakimya: "LOOK at it", "WAIT for me". Mtoto wa kaka yangu alilijaribu hilo kwa sauti mpaka jirani akauliza kuna nini.

"Lakini shangazi," akaniambia, "kwenye mtihani hawaulizi hivyo."

"Hawaulizi hivyo baba, ila ukilijua hili, nusu ya orodha yako inajijibu yenyewe."

Sitaki nidanganye watu kwamba kipimo hiki hakina mwiko. "Look after" inakataa nusunusu. Ukiweka kiwakilishi, "look after her", unaona wazi kwamba "after" imekaa mbele ya mtu wake kama kihusishi cha kawaida. Ukiweka kielezi katikati, "she looked carefully after the baby", Kiingereza kinakunja uso. Ilhali "she looked carefully at the baby" haina tatizo lolote. Maana yake ni kwamba vipo virai ambavyo vimekaa na kitenzi kimoja muda mrefu hadi kiungo kimeshikana, na maana imekuwa moja. Ndiyo maana mimi huanza na kiwakilishi, kielezi kinafuata. Kikikubali, umepata jibu. Kikikataa, bado una la kiwakilishi.

Wageni kulia na jambo hili si habari ya jana. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliligusa kwenye dibaji. Alisema kuna namna ya kubadili maana ya vitenzi kwa kuvipachika neno dogo nyuma, kwamba pengine hakuna lugha inayofanya hivyo kwa wingi kama Kiingereza, na kwamba hapo ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kuliko pote. Akatoa mifano: "come off", "break off", "give over", "set out" na mingine mingi. Jina "phrasal verb" lilikuja baadaye sana. Logan Pearsall Smith alilitumia kwenye maandishi yake ya 1925, akisema alipendekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Nadhani jina hilo ndilo lililoleta mkorogo huu, maana limegeuka kapu la kutupia kila kitenzi chenye neno dogo nyuma yake, liwe la kwake au la jirani.

Pa kushika penyewe ni vile vyenye maneno madogo mawili. "Put up with." "Run out of." "Look forward to." Hapa kila neno dogo lina mwenyewe. La kwanza ni la kitenzi, la pili ni la nomino. Pima kwa kielezi: "We look forward very much to your reply." Kisu kimepita kati ya "forward" na "to". Kwa hiyo "to" inasafiri na "your reply".

Hili lina faida ya moja kwa moja mezani kwangu, kwa sababu barua nyingi zinazonifikia kuhaririwa huishia na "I look forward to hear from you." Mwandishi ameiona "to" akadhani ni ile ya kitenzi cha kawaida, kama "to eat", "to sleep". Lakini hii ni kihusishi, na kihusishi kinadai nomino au kitu chenye sura ya nomino. Ndiyo maana ni "to hearing from you", sawa na "to your reply". Ni hivyohivyo kwa "I am used to driving at night", sentensi ambayo madereva wangu wanaihitaji mno, na ikiandikwa "I used to drive at night" inakuwa dereva ameacha kazi ya usiku zamani. Tofauti hiyo kwenye faili la bima ni pesa.

Nipite haraka kwenye kanuni mbili ambazo bado zinafundishwa na hazistahili. Ya kwanza: usimalize sentensi kwa kihusishi. Ilianza kuvuma pale mshairi John Dryden, mwaka 1672, alipomlaumu Ben Jonson kwa kuacha kihusishi mwishoni, akakiri kwamba yeye mwenyewe ameligundua kosa hilo karibuni katika maandishi yake. Baadaye alirudi kwenye insha yake ya 1668 na kuvihamisha vihusishi vyake vilivyoning'inia, ikatoka upya 1684 ikiwa imesafishwa. Hakutoa sababu ya maana. Kiingereza kilikuwa kinasema "the house he lived in" kabla yake na kinasema mpaka leo. Ya pili: usiweke kielezi kati ya "to" na kitenzi. Henry Alford, mkuu wa kanisa kuu la Canterbury, aliikemea mwaka 1864. Ila sentensi kama "We expect to more than double our premiums" huwezi kuinyoosha kwa kanuni yake bila kuivunja. Anayenirudishia kazi kwa sababu ya mojawapo ya hizi mbili huwa namrudishia ilivyo, na ankara.

Turudi kwetu. Mimi naamini Mswahili ana bahati katika jambo hili, ila hakuna aliyemwambia. Kiingereza kinapotundika neno dogo nje ya kitenzi, sisi mara nyingi tunaliingiza ndani. Ni ile kauli ya kutendea tuliyoimba darasa la nne: pika, pikia, leta, letea. Shuleni tunaambiwa ina maana ya kumfanyia mtu jambo, basi. Kumbe ina kazi kubwa zaidi. Amehama Korogwe, katoka. Amehamia Korogwe, kaingia. Kiingereza hapo kinahitaji "out of" na "to". Amemkimbia mume wake, ndoa imekwisha. Amemkimbilia mume wake, ndoa ipo na inapendeza. "Ran away from", "ran to". Silabi moja imebeba yote.

Tazama hii, iliyokuwa kwenye maelezo ya mwenye gari: "Gari liliniharibikia Segera." Maneno matatu. Nilipoandika "The car broke down on me at Segera", nilibaki nikiitazama kwa muda, maana neno moja la kwetu limefunguka na kila kiungo chake kimepata mahali pake upande wa pili. "Down" ni ya "broke", ndiyo inayofanya kuvunjika kuwe kuharibika. "On me" ni ile "ni" na "-ia" kwa pamoja: mimi ndiye niliyepata hasara. "At Segera" ni mahali. Kielezi kinathibitisha: "broke down completely on me at Segera". Kimepita baada ya "down", hakikupita kabla. Na hii "on me" ya hasara, ambayo wanafunzi huiona ya ajabu, sisi tunaisema kutwa. Simu imenizimikia, "my phone died on me". Mume alimfia akiwa mjamzito, "her husband died on her". Hakuna haja ya kumwambia kijana wa Kiswahili akariri "on". Mwambie aisikilize "-ia" yake.

Mahali nako hivyohivyo. Nilikulia Korogwe, "I grew up in Korogwe". "Up" ni ya kukua, "in" ni ya Korogwe, na sisi tumevifunga vyote kwenye neno ambalo, Mungu atusamehe, kwa maandishi haliachani na kulia machozi wala mkono wa kulia.

Na ile "up" ya kumalizia jambo, "eat up", "use up", "cut up", "tear up"? Kiswahili kinaigawa kazi hiyo kwa njia zake. Mara nyingine kwa kurudia kitenzi: "cut up the meat", katakata nyama, "tear up the letter", chanachana barua. Mara nyingine kwa "-ote": kula chote, maliza yote. Mara nyingine kuna kitenzi kizima kilichoajiriwa kwa kazi hiyo tu, kama nyumba kuteketea, ambayo Kiingereza kinaisema "burn down". Hapo ndipo mwanafunzi anapouliza kwa nini nyumba ichomeke kwenda chini na karatasi ichomeke kwenda juu, "burn up". Kwa hilo kweli akariri, hakuna namna.

Makosa yetu ya Afrika Mashariki yana mpangilio wake pia, na mpangilio huo unanifurahisha kuliko unavyoniudhi. "We discussed about the claim." "He requested for a copy." "The manager emphasized on safety." Yanatoka wapi? Yanatoka kwenye nomino. Kiingereza kinasema "a discussion about", "a request for", "an emphasis on", kwa sababu nomino haiwezi kushika kitu bila mkono wa kihusishi. Kitenzi kinaweza: "discuss the claim", basi. Msemaji wetu ameipenda ile about ya nomino akaihamishia kwenye kitenzi, tena mwenyewe nyumbani anasema "kujadili kuhusu" bila wasiwasi. "Cope up with" nayo imezaliwa na ndugu zake "keep up with", "catch up with" na "put up with". Imeona wenzake wote wana "up" ikajipatia yake. Upande mwingine tunanyang'anya: "pick me at the stand", "pick the phone", na ile "nitakupick saa ngapi" ya vijana, ambapo "up" imeachwa stendi. Kwa mazungumzo simsahihishi mtu. Kila mmoja kuanzia Nairobi hadi Mbeya anaelewa, na lugha inayoeleweka imeshafanya kazi yake. Kwenye hati inayokwenda nje naisahihisha, kwa kuwa "pick" bila "up" msomaji wa London atadhani tunachagua embe.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii ni mtu akikimbia. Shahidi mmoja aliyeona kijana akitoroka baada ya kugonga alisema hivi: "Alitoka dukani mbio, akavuka barabara, akateremka mtaroni, akapotelea sokoni." Vitenzi vinne, na kila kitenzi kina kipande chake cha njia: kutoka, kuvuka, kuteremka, kupotelea. Mbio imetajwa mara moja, tena kama kielezi. Kiingereza kinachokaa vizuri ni hiki: "He ran out of the shop, across the road, down into the ditch and away into the market." Kitenzi ni kimoja tu, "ran". Safari nzima imebebwa na maneno madogo. Nikitafsiri kitenzi kwa kitenzi, "He exited the shop running, crossed the road, descended into the ditch", napata Kiingereza cha polisi. Hakuna kosa, ila hakuna anayekimbia.

Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy aliandika juu ya tofauti hii mwaka 1985, akilinganisha Kiingereza na Kihispania. Kiingereza huweka namna ya mwendo ndani ya kitenzi, njia ikabaki nje. Kihispania huweka njia ndani ya kitenzi, namna ikabaki nje, kama mtu ataona haja ya kuitaja. Mfano wake mmoja ni chupa iliyo kwenye maji: kwa Kiingereza "floated into the cave", kwa Kihispania chupa iliingia pangoni ikielea. Msomaji ameshaona kwamba Kiswahili kwenye kikao hicho kinakaa upande wa Wahispania. Ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, rudi, zunguka: njia zote ziko ndani ya vitenzi vyetu.

Ukilijua hilo ndipo unapojua kwa nini tafsiri za filamu huwa zinachekesha. "She tiptoed out of the room" naiona imeandikwa "Alinyata nje ya chumba." Huyo kwa Kiswahili yuko nje tayari, ananyata huko huko uani. Alitoka chumbani kwa kunyata. "He ran into the house" imekuwa "alikimbia ndani ya nyumba", kana kwamba sebule ni uwanja wa riadha. Mfasiri kaliona neno dogo akalitafutia neno dogo, wakati lilihitaji kitenzi.

Kielezi chenyewe kikae wapi? Kwetu kina uhuru. "Anazungumza Kiingereza vizuri", "anazungumza vizuri Kiingereza", zote zinapita. Kiingereza kinakataa ya pili kwa ukali: "She speaks well English" haipo. Kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, hawapitishi mtu, ila yambwa ikiwa ndefu kupita kiasi wanalegeza: "He explained carefully to the police everything that had happened that night." Kielezi kikikatazwa kukaa hapo kinaenda mwisho, au kinakaa kabla ya kitenzi: "has carefully explained". Huko mwisho wa sentensi shuleni wanafundishwa namna, mahali, wakati: "She waited patiently at the clinic all morning." Sawa, lakini ukiwa na kitenzi cha mwendo mahali panatangulia, "He went to Muheza by bus on Friday", na wanafunzi huambiwa hiyo ni kanuni nyingine ya kukariri. Si nyingine. Kilicho cha kitenzi zaidi ndicho kinachokaa karibu nacho. Ukisema "went", Muheza inahitajika zaidi kuliko basi. Ukisema "waited", uvumilivu ndio ulio karibu, kliniki ni mandhari tu.

"Only" inanipa kazi kwenye mikataba. "Tu" yetu ina adabu, inakaa nyuma ya neno lake: mimi tu nililipa, nililipa nusu tu, nililipa Jumatatu tu. "Only" inapenda kukaa karibu na kitenzi hata kama inamhusu mwingine, "I only paid on Monday", na kwenye mazungumzo sauti inaamua. Kwenye mkataba hakuna sauti. Naihamisha ikae mbele ya neno lake, hata kama sentensi itasikika kavu.

Na kuna mahali Kiswahili hakiniokoi hata kidogo. "Staff who arrive late frequently lose their allowance." Wanaochelewa mara kwa mara, au wanaopoteza mara kwa mara? "Wafanyakazi wanaochelewa mara kwa mara hupoteza posho." Utata uleule, mahali palepale. Kielezi kimekaa katikati ya vitenzi viwili na kinatazama kote kuwili. Dawa ni kukiondoa hapo.

Kazi ya mwisho wiki iliyopita ilikuwa ya aina hii. Muhtasari wa kikao cha taasisi ndogo, wanadai fidia ya pikipiki, na muhtasari ni kielelezo. Waliandika: "Kamati ilijadili wizi wa pikipiki ofisini." Kwa Kiingereza inajitafsiri yenyewe, "The committee discussed the theft of the motorcycle in the office", na ndipo nikasimama. Kirai hicho "in the office" ni cha nani? Ni cha "discussed", cha "theft", au cha "motorcycle"? Majadiliano yalikuwa ofisini, wizi ulifanyika ofisini, au pikipiki ilikuwa inakaa ofisini? Kwa mtu wa bima hayo ni majibu matatu tofauti, na kila moja lina malipo yake.

Kiswahili kina chombo cha kulimaliza, ngeli. "Wizi wa pikipiki uliotokea ofisini", ile "u" inashika wizi. "Wizi wa pikipiki iliyokuwa ofisini", ile "i" inashika pikipiki. Herufi moja, utata umekwisha. Kiingereza hakina cha namna hiyo. Kinategemea ukaribu na akili ya msomaji. Ila mwandishi wa muhtasari hakukitumia chombo, kwa hiyo nikapiga simu.

"Samahani dada, hiyo pikipiki iliibiwa ofisini?"

"Hapana, iliibiwa nje ya lango, kwa mlinzi. Ofisini ndiko tulikokaa kikao."

Yaani ile maana niliyoipa uwezekano mdogo kuliko zote. Nikaandika: "Meeting in the office, the committee discussed the theft of the motorcycle from outside the gate." Nikamsomea. Akasema sawa, halafu akauliza kama ningeweza kuongeza kwamba lango lilikuwa limefungwa na mlinzi yuko macho. Nikamwambia hayo ayaandike kwanza kwenye muhtasari wa Kiswahili, kamati itie sahihi, ndipo na mimi nitayatafutia mahali kwenye sentensi.